Jina la Ondro kwa Penseli

Johnstown, Pennsylvania
26 Machi 1984

Kwa wenye Duka la Katuni za Kale la Gaffney, Cleveland

Mabwana,

Nimetuma kwenu sanduku moja kwa posta. Ndani mna vitabu vya katuni vya Kapteni Kimondo, yule shujaa anayeruka angani na kuvunja kuta kwa bega. Vilikuwa vya kaka yangu, Ondrej Sedlak. Nyumbani tulimwita Ondro. Aliondoka hapa kwenda jeshini Agosti 1950, akapotea vitani Korea Novemba ya mwaka huohuo akiwa na miaka kumi na tisa. Mwili wake haukurudi.

Baba yetu alikuwa na kibanda cha magazeti mbele ya lango la kiwanda cha chuma, kwa hiyo Ondro alivipata vitabu hivi kabla ya watoto wote wa mji huu, na aliringa navyo sana. Sasa shangazi aliyekuwa akiishi katika nyumba ya baba amefariki, nyumba imeuzwa, na mafundi wamelikuta sanduku darini. Nilitoa cha juu tu. Nikaona pembeni mwa jalada pameandikwa "Ondro" kwa penseli, nikalifunga. Nina miaka hamsini na miwili na shinikizo la damu. Daktari amenikataza chumvi, na nadhani angenikataza na hili kama angeliona.

Watafutieni vitabu hivi watu watakaovipenda. Mimi sitaki kuvitazama.

Bi. Ludmila Baranik
(wa ukoo wa Sedlak)


Cleveland, Ohio
9 Aprili 1984

Mheshimiwa Bi. Baranik,

Sanduku lako limefika salama, limefungwa vizuri kuliko mengi tunayoyapokea. Mimi ndiye karani mpya hapa. Kazi yangu ni kupokea vitabu, kuvisafisha, kuviorodhesha na kuvitia katika mifuko.

Pole kwa kumpoteza kaka yako. Najua ni miaka mingi, lakini wewe umeniandikia mwezi uliopita, kwa hiyo naona ni sawa kusema pole sasa.

Vitabu ni themanini kamili. Vinafuatana mwezi kwa mwezi bila kuruka hata mmoja, jambo ambalo Bwana Gaffney, mwenye duka, anasema hajaliona kwa miaka kumi. Cha kwanza kina tarehe ya Machi 1948 kwenye jalada, cha mwisho Oktoba 1954. Thelathini na viwili vya mwanzo vimesomwa hasa: vina mikunjo, alama za vidole, na kimoja kina kitu ninachodhani ni jemu. Lakini arobaini na vinane vya mwisho havijawahi kufunguliwa. Mgongo umenyooka na karatasi bado zimeshikana ukingoni. Wakusanyaji hutafuta vitabu vya namna hiyo maisha yao yote.

Vyote nimevisafisha kwa uangalifu.

Wako mtiifu,
Lowell Pickard


Johnstown
14 Aprili 1984

Bwana Pickard,

Asante kwa pole yako. Sasa tusahihishe mambo.

Kaka yangu aliondoka Agosti 1950. Mwaka 1954 alikuwa amekwisha kupotea miaka minne. Vitabu vya 1954 alivinunua vipi? Alishuka toka mbinguni na senti kumi mkononi? Umechanganya sanduku langu na la mtu mwingine, kijana. Sikasiriki, watu wengi ni wazembe.

Kutambua ni rahisi. Tazama majalada. Penye jina la Ondro kwa penseli, hicho ni chetu. Kisicho na jina, mrudishie mwenyewe. Usiuze chochote kabla hujanijibu.

L. Baranik


Cleveland
19 Aprili 1984

Mheshimiwa Bi. Baranik,

Barua yako nimeipata. Nakuhakikishia kwamba hakuna sanduku jingine lililofunguliwa wiki ile. Kuhusu jina, naomba siku chache zaidi ili nilichunguze jambo hilo kwa namna inayostahili.

Wako mtiifu,
Lowell Pickard


Johnstown
24 Aprili 1984

Bwana Pickard,

Siku chache za nini? Jina lipo au halipo. Hata paka wangu angekwisha kunijibu.

Nitakueleza kwa nini nauliza, labda utaamka. Baba yangu, Jozef Sedlak, hakulitaja jina la Ondro tangu siku ile simu ya maandishi ya jeshi ilipofika. Hakulia. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa kibandani anakata kamba za magazeti, na habari za Korea ziko ukurasa wa kwanza, anawauzia watu. Nguo za Ondro aliwapa kanisa. Picha aliiondoa ukutani. Nilimchukia kwa hilo, na sijui kama nimeacha. Kwa hiyo kama katika sanduku hilo mna vitabu vya mtoto mwingine, mtoto aliyekuwa hai mwaka 1954, sivitaki karibu na vya kaka yangu. Vya kaka yangu ndivyo pekee vilivyobaki vyenye mkono wake.

Jibu.

L. Baranik


Cleveland
30 Aprili 1984

Mheshimiwa Bi. Baranik,

Barua hii nimeianza mara sita. Nitaandika jambo lenyewe kwanza ili nisipate nafasi ya kukimbia.

Jina lilikuwapo. Lilikuwapo kwenye vitabu vyote themanini, na mimi nimelifuta.

Si kwa ubaya. Katika biashara hii mna sheria mbili kuhusu penseli. Muuza magazeti wa zamani aliandika kwenye jalada tarehe ambayo kitabu kilifika kibandani, ili ajue lini akirudishe kisipouzwa. Tarehe hiyo haiguswi, wakusanyaji wanaipenda. Lakini jina la mtoto mwenye kitabu huhesabiwa kuwa doa, na likiwa la penseli hufutwa kwa raba laini. Kwenye vitabu vyako palikuwa na jina na tarehe pamoja, vimeshikana katika mstari mmoja, kwa mkono mmoja. Nikadhani ni mtoto aliyejitia kuandika kama wakubwa. Nikafuta vyote. Ilinichukua siku mbili na nilijivunia kazi yangu.

Barua yako ya tarehe 14 ilipofika niliikunja nikaitia mfukoni, nikatembea nayo siku mbili. Niliogopa kufukuzwa. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, na mama yangu amekwisha kuwaambia majirani wote. Niliandika ile barua ya "siku chache" nikijua kwamba ninakudanganya. Ya pili ilipofika, pale uliposema kuhusu mkono wake, sikuweza tena. Nilimwendea Bwana Gaffney.

"Umefuta nini?" akaniuliza.

"Penseli, bwana."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na jina."

"Na tarehe?"

"Na tarehe."

"Pickard! Tarehe ya kibandani ni cheti cha kuzaliwa cha kitabu! Umetumia raba gani?"

"Ile laini, bwana."

"Laini kama kichwa chako! Huyo mama umemwambia?"

"Bado."

"Bado! Unangoja afe? Kaa hapo uandike. Mimi siandiki barua za watu waoga." Kisha alipofika mlangoni akageuka. "Washa taa ya meza kwanza. Ilaze chini kabisa, mwanga upite juu ya jalada kama jua la jioni. Kama huyo mtu alikandamiza penseli, utakuta mifereji."

Alikandamiza, Bi. Baranik. Alikandamiza sana. Risasi ya penseli imeondoka lakini karatasi imebaki na bonde la kila herufi. Kwa siku nne nimeweka karatasi nyembamba ya kunakilia juu ya kila jalada na kufuata mifereji hiyo, pole pole. Sikurekebisha kitu. Penye kosa nimeacha kosa. Utaona, kwa mfano, kwamba kila namba saba imekatwa kwa kistari katikati, na siku imetangulia mwezi. Mimi nisingeandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nakala zote themanini zimo katika bahasha hii, zimepangwa kwa kufuatana. Jina lipo mpaka la mwisho. Kwa hiyo sanduku halikuchanganywa. Ni nani aliyeandika jina la kaka yako miaka minne baada ya kaka yako kuondoka, sijui, na sina haki ya kukisia.

Naomba msamaha. Sitegemei kuupata.

Lowell Pickard


Johnstown
7 Mei 1984

Lowell,

Nimeketi na karatasi zako tangu asubuhi, na kahawa imepoa mara mbili.

Ondro alisoma shule za hapa. Masista walimpiga vidole vyake mpaka akaandika kama Mmarekani, saba yake haikuwa na kistari, na mwezi ulitangulia siku. Saba yenye kistari ni ya nchi ya kwetu, Slovakia. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu aliandika hivyo, nilikuwa nikimwonea haya mbele ya walimu kwa ajili hiyo.

Ni mkono wa baba. Yote themanini.

Kumbe ndivyo alivyofanya tangu mwanzo. Mzigo wa magazeti ukifika alitoa Kapteni Kimondo mmoja, akaandika tarehe na jina, akamwekea mwanawe chini ya kaunta asije akamuuzia mwingine kwa kusahau. Sikujua. Nilikuwa msichana, mimi sikuwekewa katuni, niliwekewa vyombo vya kuosha.

Na Ondro alipoondoka akaendelea kumwekea. Miezi arobaini na minane, Lowell. Na hata simu ya jeshi ilipofika. Nimezipanga mezani nikakuta ile ya Desemba 1950, siku kumi baada ya simu. Jina limeandikwa vilevile, halina mtetemo. Nguo aligawa, lakini vitabu aliweka.

Sasa nisikilize, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Karatasi ya mwisho ina tarehe 17.8.54. Jumamosi ya tarehe 21 mwezi huo ndiyo usiku wa kuamkia harusi yangu. Nilitaka picha ya Ondro iwekwe mezani. Baba alisema hapana. Mbele ya watu wote nikamwambia, "Jeshi lenyewe lilingoja miaka mitatu kumtangaza maiti. Wewe ulimzika siku ileile!" Alisimama akatoka nje. Niliolewa, nikahamia upande wa pili wa mto, sikukanyaga nyumbani kwake mpaka alipofariki mwaka 1961. Dakika ishirini kwa miguu.

Unaona ninachokiona? Tarehe 17 anamwekea mwanawe kitabu. Tarehe 21 namwambia maneno yale. Baada ya hapo hakuna kitabu tena.

Lakini kwenye barua yako ya kwanza uliandika kwamba cha mwisho ni cha Oktoba. Oktoba ni baada ya harusi. Pengine baba alikosea tarehe, alikuwa mzee. Niambie kwamba kitabu hicho alikiweka Oktoba. Wewe unavijua vitu hivi.

Ludmila Baranik

Kuhusu msamaha, subiri. Nina mambo mengi ya kusamehe, nayachukua kwa zamu.


Cleveland
11 Mei 1984

Mheshimiwa Bi. Baranik,

Ningependa sana kukujibu ndiyo. Nilikwisha kuandika ndiyo kwenye karatasi nyingine, nikaichana.

Tarehe iliyochapwa kwenye jalada haikuwa tarehe ya kuuzwa. Wachapishaji waliitanguliza miezi miwili ili kitabu kisionekane cha zamani kibandani. Kitabu cha Oktoba kilifika Agosti. Nimelinganisha vyote themanini, na tofauti ni miezi miwili kila mara. Baba yako hakukosea. Alikiweka tarehe 17 Agosti.

Samahani. Nilikudanganya mara moja na sitaki tena.

Lowell Pickard


Cleveland
4 Juni 1984

Mheshimiwa Bi. Baranik,

Hujaandika kwa wiki tatu na zaidi. Sikulaumu. Kila asubuhi Bwana Gaffney ananiuliza, "Yule mama?" nami natikisa kichwa, naye anakwenda kuwagombeza wengine. Sanduku lako liko kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti changu. Hakuna aliyeruhusiwa kuliuza wala kuligusa.

Nakuandikia bila kuitwa kwa sababu kuna kitu nilipaswa kukiona tangu siku ya kwanza. Karani yeyote mzoefu angekiona. Mimi nilikuwa nikitazama penseli.

Ulisema baada ya maneno yako hakuna kitabu tena. Jumanne iliyopita nilikuwa nikiorodhesha katuni za bwana mmoja wa Toledo, anayekusanya za shujaa huyuhuyu. Na yeye cha mwisho ni cha Oktoba 1954. Nikasema ni sadfa. Nikampigia simu. Akacheka, akaniuliza, "Wewe ni karani wa duka gani, kijana?" Sikutaka kumwamini mtu mmoja. Nikawapigia wengine wawili, wa Buffalo na wa Erie. Kisha nikamwomba Bwana Gaffney ruhusa ya kufanya jambo ambalo hapa halifanywi. Alifikiri muda mrefu, akasema, "Muulize mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe hajibu. Akafikiri tena. "Basi nawa mikono."

Nilikifungua kitabu cha mwisho, kile cha tarehe 17.8.54. Kilikuwa hakijafunguliwa tangu kilipotoka kiwandani, na sasa kimefunguliwa, na ni mimi niliyefanya hivyo. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la baiskeli, pana kisanduku kidogo chenye maandishi. Nayanukuu yote: "Wapenzi wasomaji, hili ndilo toleo la mwisho la Kapteni Kimondo. Asanteni kwa miaka yote mliyoruka pamoja nasi."

Halikutoka jingine, Bi. Baranik. Wakati ule watu wengi waliwaona mashujaa hawa kuwa wamepitwa na wakati, na kampuni ikafunga. Mwezi uliofuata harusi yako, hakuna kibanda hata kimoja katika Marekani nzima kilichopokea Kapteni Kimondo. Si cha baba yako, si cha mwingine.

Aliweka mpaka likakosekana la kuweka. Sijui alifikiri nini usiku ule alipotoka nje, na sitajifanya najua. Lakini siku ya tarehe 21 sanduku lilikuwa limekwisha kufika mwisho wake lenyewe, na maneno yako hayakulifunga.

Nimeangalia mara tatu. Naogopa makosa kuliko watu wengi, wewe unajua kwa nini, na hili nimeliangalia mara tatu.

Wako,
Lowell Pickard


Johnstown
9 Juni 1984

Lowell mwanangu,

Barua yako imefika saa sita na nusu mchana. Nilikuwa nakaanga kabichi na vitunguu. Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimeketi, na vitunguu vikawa mkaa. Mume wangu akaja mbio kutoka uani, "Ludka, nyumba inaungua!" Nikamwambia, "Iache iungue dakika moja."

Sikukuandikia kwa sababu ile barua yako fupi nililala nayo. Nilisema moyoni, huyu mtoto asingeweza kunidanganya kidogo? Mara moja tu, mimi mwanamke mtu mzima, ningejua na ningenyamaza. Sasa nashukuru hukufanya. Kama ungesema ndiyo siku ile, leo nisingekuamini hata kidogo, na leo ndiyo siku niliyohitaji kukuamini.

Siuzi. Mwambie bwana wako anisamehe kwa usumbufu. Nirudishie vyote themanini, na hicho ulichokifungua nacho, na usithubutu kuandika tena jina juu yake ili kunifurahisha. Yaache mabonde kama yalivyo. Hapa pia tuna taa za meza.

Vile arobaini na vinane ambavyo hakuna aliyevisoma, nitavisoma. Mume wangu anasema nitaharibu thamani yake. Nimemwambia viliwekwa ili visomwe. Nitaanza na kile baba alichokiweka Septemba 1950, kimoja kwa siku, kwa sauti, hapa jikoni. Kapteni mwenyewe namwona mpumbavu, mtu mzima na kaptula juu ya suruali, lakini sikuwekewa mimi.

Umesamehewa. Zamu yako imefika mapema kuliko nilivyodhani. Mwambie mama yako aendelee kuwaambia majirani.

Baba hatukumwita baba. Tulimwita kwa neno jingine, la utotoni, la lugha yetu, na mimi niliacha kulisema Agosti 1954. Leo baada ya kuzima jiko nimelisema kwa sauti, mara moja, kisha nikafungua madirisha moshi utoke.

Ludmila